Mwangwi Mkononi

Kikombe kilikuwa kidogo kiasi cha kufichwa ndani ya kiganja. Kilizunguka polepole hewani bila kushikwa na kitu, kimebebwa na mawimbi ya sauti ambayo sikio la mtu haliyasikii, huku nyuzi mia tatu za mwanga zikikipapasa kutoka kila upande. Kilikuwa cheusi, weusi wa kung'aa kama mgongo wa mbawakawa. Hatua mbili kutoka hapo, mwanamke wa makamo aliketi kwenye kigoda amefumba macho, mikono yake imevishwa glavu nyembamba kama utando wa yai, na mbele yake donge la udongo mbichi.

"Tuko tayari, Mama Subilaga?" aliuliza Mhandisi Zamzam Kihiyo.

"Weka, mwanangu."

Zamzam akaweka kiganja chake juu ya kioo cha kuwashia. Mashine ile haikuwaka kwa kiganja cha mtu mwingine yeyote. Yeye ndiye aliyeibuni, na yeye ndiye aliyeipa jina: kinasamkono.

Mikono ya Mama Subilaga ikaanza kwenda. Ililikusanya donge, ikalipiga, ikalizungusha, ikafungua tumbo lake kwa dole gumba. Haikuwa mikono yake tena, au tuseme ilikuwa yake lakini ikisema maneno ya mtu mwingine. Mtu huyo alikufa zaidi ya miaka elfu mbili na mia tatu iliyopita, kwenye pwani ya kusini mwa Italia ambako Wagiriki walihamia na kuzika wafu wao.

Mwaka huo ulikuwa wa 2093, na pwani hiyo haikuwapo tena. Bahari ya Kati ilikuwa imepanda ikameza miji na makaburi pamoja. Mataifa ya kule yalituma vitu vyao mahali pa juu na pa baridi, na mojawapo ya mahali hapo ilikuwa Mbeya. Chini ya jengo la Taasisi ya Kumbukumbu za Udongo yalihifadhiwa masanduku elfu tisa ya vyombo vilivyotolewa makaburini kabla maji hayajafika: vikombe vya masikio mawili vya kunywea mvinyo penye maziko, vichupa vya shingo nyembamba vya mafuta ya kumpaka maiti, sahani za chakula cha marehemu, na vyombo vidogovidogo vya watoto. Vingi vilikuwa na ngozi ile nyeusi.

Ngozi hiyo ndiyo iliyomfanya Zamzam aibuni mashine. Weusi wake si rangi. Wafinyanzi wale walichuja udongo mwekundu mpaka ukawa laini kama uji wa mgonjwa, wakachovya chombo ndani yake, kisha wakakichoma kwa moto mmoja wenye hatua tatu. Kwanza tanuri iliachiwa hewa, chombo kikawa chekundu. Kisha ikazibwa na kutiwa kuni mbichi, moshi ukajaa, kila kitu kikawa cheusi. Mwisho hewa ikarudishwa, na hapo mwili wa chombo ukarejea wekundu wake, lakini ile ngozi laini ilikuwa imekwisha kuyeyuka na kujifunga kama kioo, ikabaki nyeusi milele. Na ilipojifunga, ilifunga ndani yake kila kitu kilichokuwa chini: mbonyeo wa kidole, mkwaruzo wa kucha, mahali ambapo mkono ulisita.

Akili mnemba ya taasisi iliweza kuyasoma hayo yote na kuyageuza kuwa hesabu za nguvu na mwendo. Isichoweza ni kuyaelewa. Ilikuwa kama mtu anayesoma herufi za lugha asiyoijua. Lakini hesabu zile zikipitishwa kwenye glavu na kutiwa katika mishipa ya mtu ambaye mikono yake inaujua udongo, mikono hiyo iliyashika maneno ikayamalizia yenyewe. Mtu huyo walimwita mpokezi. Mama Subilaga, mfinyanzi wa Kikisi kutoka Ikombe, ng'ambo ya Matema kwenye Ziwa Nyasa, alikuwa mpokezi wa kwanza na wa pekee. Kikombe hiki kilikuwa cha arobaini na moja kwake.

Alipokifikisha mwisho, mikono yake ilifanya jambo ambalo Zamzam hakulitarajia. Ilikishika kikombe kile kibichi kwa kitako, kwa vidole viwili, ikakigeuza na kukichovya katika hewa tupu, mahali ambapo zamani palikuwa na bakuli la ule uji wa udongo. Kisha ikakaa hivyo. Ikakaa.

Machozi yalikuwa yanamtoka mama yule pembeni mwa pua, na uso wake haukuwa na huzuni yoyote.

"Huyu hakutaka kukitoa," alisema, macho bado yamefumba. "Chombo unakichovya, unahesabu moja, mbili, unakiinua. Yeye kakaa nacho. Na mkono unatetemeka."

Zamzam akatazama kikombe cha zamani. Karibu na kitako kulikuwa na madoa mawili ya umbo la ncha za vidole, mahali ambapo weusi haukushika.

"Kaburi lilikuwa la nani?" aliuliza Mama Subilaga.

"La mtoto. Mifupa inaonyesha miezi kumi, labda kumi na mmoja."

"Basi aliyekifinyanga ndiye mzazi wake."

"Hilo hatuwezi kulithibitisha, mama."

"Nyinyi hamwezi," alisema Mama Subilaga, akafungua macho, akashangaa kujikuta analia.

Baadaye, wakinywa chai kwenye baraza la ghorofa ya nne, Zamzam aliona jambo lililomfanya aache kutafuna. Mama Subilaga hakushika kikombe cha chai kwa sikio lake. Alikishika kwa kitako, kwa vidole viwili.

"Mkono umekuwa mkaidi," alisema mama alipoona anatazamwa. "Juzi nimesonga ugali, mwiko ukanikimbilia upande usio wangu. Mjukuu wangu akanicheka."

"Ni uchovu, mama. Utapita."

Alilisema hilo bila kumtazama usoni, kwa sababu alijua si kweli.

Alijua tangu chombo cha ishirini. Baada ya kila kikao, glavu zilipima kile ambacho Zamzam alikiita mwangwi, yaani mwendo wa mkono mgeni unaobaki katika mishipa ya mpokezi baada ya mashine kuzimwa. Mwanzoni mwangwi ulikufa katika saa mbili. Kufikia chombo cha kumi ulichukua siku mbili. Kufikia cha ishirini, mstari ule kwenye mchoro haukushuka tena. Ulilala sawa kama maji yaliyotuama. Zamzam alikaa nao siku tatu. Kisha akauandika chini kabisa ya ukurasa wa mwisho wa ripoti, kwa herufi ndogo: "Mabaki ya muda, yanaendelea kuchunguzwa." Mkurugenzi, Dokta Ngailo, hakuuliza. Walimwengu walikuwa wanawatazama. Kwa mara ya kwanza watu waliokuwa hawana majina wala maandishi walikuwa wanasikika. Zamzam naye alitaka kuwasikia. Alijiambia kwamba mkono wa mtu ni mpana, una nafasi ya wengi.

Siku tatu baada ya kikombe cha mtoto, saa nne asubuhi, habari zilifika kwamba Bibi Tupokigwe, mama yake Subilaga, amefariki huko Ikombe. Alikuwa na miaka tisini na mbili. Mama Subilaga aliipokea habari amesimama, akavua aproni yake, akaikunja mara nne, akasema, "Naenda kumfinyangia mama."

"Kumfinyangia nini?" Dokta Ngailo alimuuliza Zamzam siku ya nne ya msiba, ofisini kwake.

"Katika ukoo wao, binti mkubwa hufinyanga chungu kwa mikono yake. Siku ya nane, wakiondoa matanga, humwagia kaburi maji ya ziwa kwa chungu hicho, kisha hukipindua kichwani pa kaburi. Kinabaki hapo."

"Siku ya nane ndiyo wajumbe wanafika," alisema Dokta Ngailo. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa na tabia ya kusawazisha karatasi ambazo tayari zimekaa sawa. "Wenye vyombo wenyewe, Zamzam. Wamesafiri ili waone mikono ya babu zao ikifanya kazi. Peleka rambirambi zetu, kaa na wafiwa, kisha mwombe arudi nawe japo kwa nusu siku. Wewe anakusikia."

Zamzam akachukua kinasamkono cha safari, sanduku la kubebwa mgongoni, bila kujua atalifanyia nini. Gari linalojiendesha lilimteremsha kupitia Tukuyu mpaka Matema, na boti ya abiria ikamvusha hadi Ikombe, kijiji kilichobanwa kati ya maji na mlima. Kila nyumba aliyoipita ilikuwa na vyungu vimeanikwa mbele, vya rangi ya maziwa ya chai, vyenye michirizi myekundu na vitako vya mviringo.

Msibani palikuwa na turubai, na chini yake wanawake wameketi kwenye mikeka. Aliamkia, akatoa pole, akakaribishwa. Msichana mmoja wa kama miaka ishirini akamletea maji ya kunawa. Alijitambulisha kuwa ni Atuganile, mtoto wa kaka yake Mama Subilaga.

"Nimefurahi kukuona, Mhandisi," alisema kwa sauti ya chini, maana palikuwa msibani. Akamwonyesha maandishi kwenye kioo cha mkononi mwake. "Nimepata barua jana. Taasisi inaniita kuwa mpokezi. Tumepata wanne, mimi na wenzangu watatu wa hapa na wa Matema. Wote wafinyanzi."

Zamzam akasoma. Saini ilikuwa ya Dokta Ngailo. Akahisi maji aliyonawa yakimkaukia mikononi.

"Mama Subilaga yuko wapi?"

"Nyuma ya nyumba. Lakini leo hataki watu."

Alimkuta Tusekile kwanza, mdogo wake Subilaga, mwalimu wa shule ya msingi, amesimama kwenye kona ya nyumba kama mlinzi. Tusekile alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Ndiye wewe," alisema. "Njoo uone."

Kwenye ubao palikuwa na vyungu viwili vilivyokwisha kukauka. Vilikuwa vizuri. Kuta zake zilikuwa nyembamba kuliko za chungu chochote alichokiona njiani, tumbo limejipinda kwa ustadi, na kila kimoja kimesimama juu ya kiguu cha duara. Mfinyanzi wa Kikisi haweki kiguu. Chungu chake hukaa juu ya mafiga au juu ya mchanga, kitako kimeviringika kama kichwa cha mtoto.

"Sisi tusiofinyanga tunajua pia," alisema Tusekile. "Dada huacha kibonyeo cha dole gumba chini ya mdomo wa chungu. Tangu nikiwa mdogo, ukinifunga macho nikapapasa vyungu mia, chake nitakijua. Hebu papasa hivyo."

Zamzam hakupapasa. Mama Subilaga alikuwa ameketi chini, na kwenye kigae mbele yake kuna cha tatu, bado kibichi. Kilikuwa na kiguu.

"Shikamoo, mama. Pole sana kwa msiba."

"Marahaba. Imekwisha kupoa." Hakuinua kichwa. "Nakiweka kando, naanza upya. Nasema, Subilaga, kitako. Kitako cha mviringo. Najua kwa kichwa kinavyopaswa kuwa. Nikigusa udongo tu, mikono inatafuta pa kuweka kiguu. Halafu inanigeuza, inataka nichovye." Akanyoosha vidole viwili, akavitazama. "Kila chungu cha mama yangu, inataka kukifanya kikombe cha yule mtoto."

Tusekile akasogea karibu. Zamzam aliketi chini, kwenye vumbi, sanduku likiwa bado mgongoni.

"Mama, nina neno la kukuambia. Sio uchovu. Mashine inaacha mwangwi mkononi, na mwangwi hautoki. Umeweka makazi mkononi mwako."

"Umeligundua leo?"

Kulikuwa na nafasi ya kusema ndiyo. Zamzam aliiona nafasi hiyo wazi kabisa.

"Hapana. Nilijua tangu chombo cha ishirini."

Mama Subilaga akafuta udongo vidoleni. Kwenye turubai wanawake walikuwa wanaimba wimbo wa kanisani kwa sauti za chini, wakakosea ubeti, wakarudia.

"Ulijua cha ishirini," alisema hatimaye, "ukaniletea cha ishirini na moja."

"Ndiyo, mama."

"Ukaniletea cha thelathini."

"Ndiyo."

"Ukaniletea cha yule mtoto, ukaniambia weka mikono."

Tusekile alisema jambo kwa Kikisi, kali na fupi, na dada yake akatikisa kichwa.

"Hapana. Mwache. Mtu akichoma nyumba yako, kwanza umuulize kama anajua kisima kiko wapi." Akamgeukia Zamzam. "Hilo sanduku linaweza kuutoa?"

"Kutoa, haliwezi. Linaweza kusoma na kutia tu. Lakini..." Wazo lilimjia huku akisema, na akaanza kusema haraka. "Una vyungu vyako vya zamani hapa nyumbani? Ulivyofinyanga kabla ya kuja kwetu? Tukivisoma hivyo, naweza kukurudishia mkono wako mwenyewe."

Tusekile alikwenda jikoni akarudi na chungu cha maji, kimefanya weusi kidogo chini kwa moshi. Zamzam akafungua sanduku. Nyuzi za mwanga zikakizunguka chungu, zikakipapasa tumbo, shingo, kitako. Akasubiri. Akili mnemba ilijibu kwa sauti yake tulivu ya siku zote:

"Hakuna mkono."

Akajaribu tena. Akajaribu chungu kingine. Hakuna mkono. Ndipo alipoelewa, na akatamani asingeelewa. Vyungu vya Ikombe havina ngozi ile ya kioo. Vikikaribia kukauka, mfinyanzi huvisugua kwa kokoto ya ziwani, saa nzima na zaidi, mpaka kila alama ya kidole inafutika. Mwanamke asiyesugua vizuri huchekwa. Kisha moto wa majani huvipitia huku hewa ikicheza, wala haufungi chochote. Mashine iliyosikia watu waliokufa miaka elfu mbili iliyopita haikuweza kumsikia mwanamke aliyeketi mbele yake. Kadiri alivyokuwa fundi, ndivyo alivyojifuta.

"Haisikii kitu," alisema Zamzam. "Umesugua mno, mama."

"Nilifundishwa hivyo," alisema Mama Subilaga. "Na aliyenifundisha ndiye yuko kaburini."

Zamzam alikuwa ameanza kufunga sanduku mwanga ulipomulika chini ya mdomo wa chungu kile cha kwanza. Sanduku likalia mlio mfupi. Kile kibonyeo. Kilikuwa kimebonyezwa baada ya kusugua, kama mtu anavyotia saini mwishoni, kwa hiyo kokoto haikukifikia.

"Kuna kimoja," alisema. "Dole gumba. Ni mbonyeo mmoja tu, hauna hata nukta moja ya saa. Ni chako."

Mama Subilaga alikitazama chungu kibichi chenye kiguu. Alikaa nacho muda mrefu, na Zamzam hakumharakisha.

"Nikikivunja hiki," alisema, "nitafinyanga cha nne, nacho kitakuwa hivi hivi. Na mama hawezi kungoja. Weka."

Akavaa glavu ya mkono wa kulia. Zamzam akaweka kiganja chake juu ya kioo, kwa mara ya mwisho katika maisha yake, ingawa wakati huo hakujua hivyo. Dole gumba la Mama Subilaga likainuka, likasogea chini ya mdomo wa chungu, likabonyeza.

Tusekile akaja kupapasa akiwa amefumba macho. Alipofika pale, akaziba mdomo kwa mkono wa pili.

"Ni wewe, dada."

"Sijui," alisema Mama Subilaga, akiivua glavu kidole kwa kidole. "Sijui kama nimebonyeza mimi au limebonyeza sanduku."

Jioni ile, jua likiwa bado juu ya mlima wa ng'ambo, Zamzam alimpigia simu Dokta Ngailo. Alimweleza kila kitu, tangu mchoro wa chombo cha ishirini hadi vyungu vitatu vyenye viguu. Mkurugenzi alisikiliza mpaka mwisho, jambo lililomfanya Zamzam apate tumaini kidogo.

"Nimesikitika kwa ajili yake," alisema. "Kwa dhati. Tutamtafutia madaktari. Na ndiyo maana nimeita wanne, Zamzam. Tukiwagawia vyombo kumi kumi, hakuna atakayefika ishirini."

Zamzam akaihamishia simu sikio la pili. "Kwa hiyo ulisoma ule mstari mdogo."

"Mimi husoma kila mstari."

"Mwangwi wa kumi ni siku mbili, Dokta. Na hayo ni kwa mtu mmoja. Kwa wengine hatujui. Sitaweka kiganja changu."

"Basi atawekwa mhandisi mwingine. Kubadilisha kiganja ni kazi ya wiki mbili. Wajumbe nitawaonyesha picha." Akashusha pumzi. "Rudi nyumbani upumzike. Hao wa kale hawana mtu mwingine wa kuwasemea."

Zamzam alibaki na simu mkononi. Aliwaza kwamba hilo la mwisho lilikuwa kweli, na ndilo lililomuumiza kuliko yote. Aliwaza pia kwamba mashine inaweza kupata kiganja kingine, lakini bila mikono inayoujua udongo haiwezi kitu, na mikono hiyo ilikuwa hapa, chini ya turubai, ikipembua mchele wa matanga.

Chungu kilichomwa siku ya saba. Siku ya nane asubuhi walikwenda makaburini, juu kidogo ya kijiji, mahali ambapo ziwa linaonekana lote. Wazee wa ukoo walikiona chungu. Shangazi mmoja, mkongwe anayetembelea fimbo, aliuliza kwa sauti kama binti wa Tupokigwe amenunua chungu dukani. Mama Subilaga alimwaga maji kutoka kichwani pa kaburi hadi miguuni, bila kumwaga nje hata tone, kisha akakipindua chungu na kukikandamiza kwenye udongo laini. Vyungu vingine vilivyopinduliwa pale, vya kina mama wa zamani, vilionyesha migongo ya mviringo. Hiki kilinyanyua kiguu chake juu, kama mtu aliyezikwa kichwa chini.

Waliporudi, wakala, wakanawa. Ulikuwa wakati wa kuaga, ambapo anayemdai marehemu au kudaiwa naye husimama akasema. Mama Subilaga ndiye aliyesimama.

"Huyu ni Mhandisi Zamzam," alisema. "Wengi mnamjua, alikuja kunichukua hapahapa. Ana maneno. Naomba asikilizwe, na asikatizwe."

Kisha akamgeukia, akasema kwa sauti ambayo haikuwa ya ukali wala ya msamaha, "Waambie kama ulivyoniambia mimi. Usipunguze."

Zamzam akasimama. Alikuwa amezungumza mbele ya mawaziri na mbele ya kamera za dunia nzima, lakini leo hakuwa na karatasi ya kusoma. Mbele yake walikuwa wanawake kama thelathini, na kati yao hakuwapo asiyefinyanga, isipokuwa Tusekile. Atuganile alikuwa mstari wa kwanza, kile kioo kikiwa kinang'aa mkononi mwake.

Alieleza. Alisema jinsi mashine inavyosoma ngozi nyeusi, na jinsi inavyoazima mkono wa mtu ili wafu waseme. Alisema walichokisikia kilikuwa kizuri, kwamba yeye mwenyewe alikipenda, na kwamba kupenda huko kulimfanya aandike ukweli kwa herufi ndogo. Alieleza mstari uliogoma kushuka. Alisema kwamba chungu walichokiona makaburini hakikununuliwa dukani. Kilifinyangwa na Subilaga binti Tupokigwe kwa mikono aliyoachiwa, na aliyemwachia hivyo ni yeye, Zamzam, kwa kujua.

"Barua nne zimekuja hapa na Matema," alisema. "Sina uwezo wa kuzizuia. Ninachoweza ni kuwaambia kilichomo ndani yake."

Alimaliza, akabaki amesimama. Aliyezungumza kwanza alikuwa Atuganile.

"Na shangazi?" aliuliza. "Atapona?"

"Sijui, mdogo wangu. Nadhani hapana."

Hakuna aliyepiga kelele, wala aliyelia. Kwa kitambo Zamzam alidhani hawakumwelewa. Kisha akaona. Yule mkongwe mwenye fimbo aliilaza fimbo yake magotini, akauvuta upindo wa khanga yake, akaifunika mikono. Jirani yake akafanya vivyo hivyo. Mmoja baada ya mwingine, bila kutazamana, kama watu walioingiwa na baridi, wanawake wa Ikombe waliingiza mikono yao ndani ya khanga. Wa mwisho alikuwa Atuganile. Alizima kile kioo kwanza.

Mikono iliyobaki wazi chini ya turubai ilikuwa ya Mama Subilaga peke yake. Ilikuwa imelala juu ya mapaja yake, viganja juu, na vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vinatetemeka.